Kutoka ICU sio kupona, mwacheni rumi wangu

Nimepotea kidogo kijiweni, test zilibana. Leo nimerudi na hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Ijumaa rumi wangu katoka ofisi moja hapa chuoni macho yamelowa. Alikwenda kuomba aahirishe mwaka. Kaambiwa karatasi yake ya hospitali inasema aliruhusiwa hali ikiwa nzuri, na miezi minne imepita, sasa anaumwa nini tena? Kwenye korido washkaji nao wakamalizia: jamaa anaogopa UE, anajificha nyuma ya ugonjwa.

Jamani! Huyu mtu alilala ICU siku 19 kwa nimonia, mashine ndiyo inampumulia. Tulichanga, tukasali, siku anatoka tukapiga vigelegele. Halafu kila mtu akarudi kwenye mambo yake, na mimi nilikuwa wa kwanza. Tukaona kazi imekwisha.

Sasa niwaambie ninachokiona chumbani. Ngazi za kufika ghorofa ya tatu anapumzika mara mbili. Ukurasa mmoja anausoma mara nne na bado haukai kichwani, na huyu ndiye aliyekuwa anatufundisha hesabu sisi wote. Usiku anashtuka anapiga kelele, anasema wauguzi walitaka kumzamisha majini. Hakuna aliyemzamisha. Ni kuweweseka kwa kule ICU, lakini kwake ile ni kumbukumbu kabisa. Nakiri, hata mimi niliwahi kumwambia aache kudeka. Naona aibu.

Nikaingia maktaba kutafuta. Kumbe hali hii ina jina! Mwaka 2010 wataalamu walikutana Marekani wakakubaliana kuiita PICS, yaani matatizo yanayobaki baada ya mtu kutoka ICU. Yanagusa sehemu tatu: mwili, akili na hisia. Misuli inayeyuka kwa kulala kitandani na kwa ugonjwa wenyewe. Ubongo nao unaumia kwa kuweweseka siku nyingi. Halafu inabaki hofu, majonzi na ndoto mbaya. Hata ndugu waliokesha nje ya mlango yanawapata.

Kuna utafiti wa Toronto uliochapishwa 2003. Walifuatilia watu 109 waliookoka baada ya mapafu kushindwa kazi, wengi sio wazee. Baada ya miezi sita vipimo vya mapafu vilikuwa vimerudi karibu na kawaida, lakini mwaka mzima ulipopita bado miili ilikuwa dhaifu, na karibu nusu yao hawajarudi kazini. Mnaona? Ukipima mapafu tu utasema kapona. Mwingine wa Marekani wa 2013 ulikuta kwamba miezi mitatu baada ya kutoka, watu 4 katika kila 10 walikuwa na uwezo wa kufikiri sawa na mtu aliyeumia ubongo kwa ajali ya wastani. Vijana nao wamo. Sasa mtu wa hivyo unamkalisha kwenye UE masaa matatu, akipata sapu unasema mvivu?

Najua mtanijibu: ndugu yetu, ICU zenyewe hazitoshi, wewe unadai mambo ya baada ya ICU? Hoja nzito, siipuuzi. Uingereza tangu 2009 mwongozo wao unataka mgonjwa aangaliwe tena miezi miwili au mitatu baada ya kutoka, sisi huko hatujafika. Lakini ninachodai mimi hakihitaji mashine. Daktari aongeze mistari miwili kwenye ile karatasi: huyu atachoka, atasahau, mpeni muda. Nesi au daktari amwambie mama mtu kabla hawajaondoka. Chuo kiulize "unaweza nini sasa?" badala ya kuuliza "si umeruhusiwa?" Nasi tuache mdomo. Hayo yote bei yake ngapi?

Na tusijifanye haya ni ya madaktari peke yao. Mwaka 1952 polio ilipoivamia Copenhagen, mashine za kupumulia hazikutosha. Wanafunzi wa udaktari karibu 1,500 walipokezana zamu, mchana na usiku, kuwapulizia wagonjwa hewa kwa kubinya mfuko kwa mkono. ICU za leo zilizaliwa pale. Wanafunzi kama sisi! Wao walikesha wakibinya mfuko, sisi kumbebea mwenzetu begi hadi ghorofa ya tatu tunaona tabu.

Kuna kitu kingine cha bure. Nchi za Skandinavia wauguzi humwandikia mgonjwa shajara akiwa amelala: leo ulikuwa hivi, leo mama alikuja. Akiamka anapata kujua kipi kilitokea kweli na kipi ni jinamizi. Rumi hakuandikiwa. Lakini mama yake alikuwa ananitumia meseji kila jioni, na sijafuta hata moja. Jana usiku tumeanza kuzinakili kwenye daftari, siku ya kwanza hadi ya 19. Tulipofika siku ya saba akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe wale manesi walikuwa wananiosha."

Jumatatu tunarudi pale ofisini, safari hii tukiwa na barua ya daktari na sisi wanne nyuma yake. Anayetaka kumwita mvivu aje amwambie mbele yetu.

Nawasilisha.