Pikipiki ya watu wawili haichaguliwi na mtu mmoja

Kila wakati wa konji tunaona jambo lile lile. Mfanyakazi aliyeweka makuta yake kidogo kidogo anashuka Bunia kununua pikipiki. Anakwenda peke yake, au na rafiki. Anaizunguka, anapiga kiki, anasikiliza sauti ya injini, anaitembeza mara moja kwenye barabara nzuri ya mjini, analipa. Siku ya pili anampakiza mama watoto nyuma, mtoto katikati, begi juu, na safari inaanza. Yule atakayekaa nyuma siku nzima hakuulizwa neno hata moja. Mimi nasema hilo ni kosa la usalama, si kosa la adabu tu. Na nalisema kwa sababu nililifanya mwenyewe.

Kwetu ni Epulu. Kutoka Bunia unapita Komanda, unapita Mambasa, kisha unaingia msitu wa okapi, ule uliowekwa kuwa hifadhi mwaka 1992. Jumla ni kilometa zaidi ya 200. Wakati wa jua ni vumbi na mashimo. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu unageuka potopoto, na malori yanachimba mifereji miwili ambayo ukiingia na pikipiki hutoki upendapo. Kwa kuogopa njia hiyo nilinunua pikipiki ndefu, yenye springi ndefu, tairi za meno na kiti chembamba. Nilipokuwa peke yangu ilikuwa furaha tupu. Ilipanda kila kilima, ikaruka kila shimo.

Halafu nikampakiza bibi yangu. Tulipofika Mambasa alishuka na hakuweza kusimama. Miguu ilikufa ganzi, akakaa chini kando ya barabara mbele ya watu. Akaniambia: «Baba watoto, wewe ulinunua kiti kimoja.» Nilicheka. Lakini mbele kidogo, tukiwa karibu kufika Epulu, nikasikia mikono yake imelegea kiunoni mwangu. Alikuwa amesinzia kwa uchovu, na nyuma yetu lori la mbao lilikuwa linakuja. Nilisimamisha. Tangu siku ile sikucheka tena juu ya neno lile.

Sasa tuangalie sababu, maana sisi watu wa mgodi hatuamini maneno bila kuona chuma. Tazama mahali mtu wa nyuma anapokanyaga. Katika pikipiki nyingi nyepesi za porini, hasa za zamani, vyuma vya kukanyagia vya nyuma vimefungwa juu ya ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Mkono huo unapanda na kushuka pamoja na gurudumu. Basi kila jiwe linalopigwa na tairi linapiga na nyayo za abiria, na springi haimsaidii kitu miguuni. Katika pikipiki nyingine vyuma hivyo vimefungwa kwenye fremu yenyewe, juu ya springi, na miguu inapumzika. Kujua tofauti hiyo ni kazi ya dakika moja: inama, tazama, basi. Mimi sikuinama.

Tazama pia kiti. Kama nafasi ya mtu wa pili iko nyuma ya katikati ya gurudumu la nyuma, uzito wake unainua mbele. Gurudumu la mbele likiwa jepesi, usukani unacheza mkononi na breki ya mbele haishiki vizuri, na katika potopoto ndiyo mwanzo wa kuanguka. Kwa hiyo yule anayesema «starehe ya abiria ni mambo ya wanawake» hajui pikipiki yake. Abiria aliyekaa vibaya anajigeuza kila wakati, anainuka, anashika huku na huku. Kila akijigeuza, wewe unarekebisha usukani. Unachoka mara mbili. Abiria aliyekaa vizuri anatulia kama gunia lililofungwa vema, na hapo ndipo mwendeshaji anaonja raha ya kweli ya barabara.

Dereva wa lori kubwa pale mgodini amewekewa kiti chenye springi. Si kwa kumbembeleza. Ni kwa sababu waganga wa kazi wanajua kwamba kutikiswa kila siku kunaharibu mgongo. Mgongo wa bibi yako umetengenezwa kwa mfupa ule ule.

Jambo la tatu ni kikwembe. Nguo ndefu ikiingia katika cheni au katika spoki, haitoki yenyewe. Inamvuta mtu chini. Wahindi walilifikiria hilo zamani, kwa kuwa wanawake wao wanavaa sari na wengi wanakaa upande. Sheria yao ya mwaka 1989 inataka kila pikipiki iwe na mahali pa kushikia kwa abiria, pa kukanyagia, tena na kizuizi kinachofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo isinaswe. Bajaj Boxer na TVS tunazoziona kila siku hapa Ituri zinatoka katika nchi hiyo. Lakini angalia njiani: ni ngapi ambazo kizuizi hicho kimekatwa ili kufunga mizigo ya pembeni? Ukinunua iliyotumika, tafuta chuma hicho. Kama hakipo, fundi wa kuchoma vyuma atakutengenezea kwa bei ndogo. Na mama akae miguu huku na huku, kikwembe kimekunjwa na kufungwa juu ya magoti; kukaa upande kuliachiwe barabara laini, tena kwa mwendo wa polepole.

Bomba la moshi nalo lisisahauliwe. Watoto wengi wana alama ya kuungua kwenye ndama ya mguu wa kulia, na mara nyingi imetokea wakati wa kupanda au kushuka. Angalia kama bomba lina bati la kukinga joto, na wafundishe watu wa nyumbani kupanda kwa upande wa kushoto. Mtu akiungua, mmwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Si mafuta, si dawa ya meno.

Najua wengine watanijibu: pikipiki fupi ya mjini itakwama kati ya Mambasa na Epulu. Ni kweli, tumbo la pikipiki lisiguse chini. Tena mtu anayekwenda peke yake siku zote, achague ile ndefu, sitamkataza. Yamaha AG100, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya wakulima, imefunikwa cheni yote, ina chuma cha mizigo mbele na nyuma, na inapita mahali pabaya. Lakini kwa watu wawili barabarani kwetu, mimi napenda ile ya kiti kirefu na kipana, springi mbili nyuma, hata kama si nzuri machoni. Nyingi zina pete ya ngazi chini ya springi: ukimpakiza mtu ongeza ngazi, ukiwa peke yako punguza. Upepo wa tairi ya nyuma pia uongezwe, kufuata kitabu kilichokuja na pikipiki. Na kitabu hicho kinataja uzito wa mwisho kwa watu na mizigo pamoja. Watu watatu na bidoni mbili hawamo.

Juu ya kofia nitasema kidogo tu. Getini mgodini hakuna anayepita kichwa wazi. Jioni mtu yule yule anampakiza bibi yake, yeye ana kofia, bibi ana kitambaa. Wataalamu waliokusanya uchunguzi wa nchi nyingi waliona kwamba kofia ya pikipiki inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hesabu hiyo inamhusu na aliyekaa nyuma. Basi bei ya pikipiki ni bei ya pikipiki na kofia mbili. Kama makuta hayafiki, ngoja mwezi mwingine.

Ile ndefu niliiuza kwa hasara. Mara ya pili tulishuka Bunia wote wawili, mama watoto na kikwembe chake cha safari na begi lenye uzito ule ule. Muuzaji alishangaa, akafikiri tunamchezea. Bibi alipanda ya kwanza, akashuka. Ya pili alisema vyuma vya miguu viko juu mno, magoti yanamfikia tumboni. Juu ya ya tatu tuliomba ruhusa, tukazunguka njia ya mawe nyuma ya duka kwa dakika kumi, wawili na begi. Tuliporudi hakushuka. Alimwuliza muuzaji bei akiwa bado amekaa.