Upasuaji wa ncha ya pua: unamfaa nani?

Zaidi ya pua milioni 1 zilifanyiwa upasuaji wa urembo duniani katika mwaka 2023, kwa mujibu wa Jumuiya ya Kimataifa ya Upasuaji wa Urembo, ISAPS. Katika soko hilo kubwa, ipo huduma moja inayonadiwa kuwa nyepesi kuliko nyingine: kurekebisha ncha ya pua peke yake, bila kuugusa mfupa. Matangazo yake hayachagui taifa. Humfikia kwa simu kijana wa Kiswahili aliyeko Birmingham au Dubai kama yanavyomfikia mwenzake wa Nairobi na Dar es Salaam, na neno linalorudiwa ndani yake ni "mdogo": upasuaji mdogo, uvimbe mdogo, gharama ndogo.

Neno hilo lina ukweli nusu. Mfupa usipovunjwa, macho huwa hayavilii damu sana na mgonjwa hurudi kazini mapema. Lakini ncha ndiyo sehemu ya pua iliyo ngumu kuliko zote kuitengeneza. Haishikiliwi na mfupa, bali na gegedu mbili nyembamba zilizojikunja kama mabawa, zikiegemea ukuta unaozitenganisha tundu za pua. Zikipunguzwa kupita kiasi, ncha hubanwa, kingo za tundu huingia ndani kila mtu anapovuta pumzi, na aliyekwenda kutafuta sura hurudi na tatizo la kupumua.

Ni nani basi anayefaa? Ni yule ambaye mgongo wa pua yake umenyooka, anapumua bila shida, na lalamiko lake liko kwenye ncha tu: imelala chini, imevimba kama rungu, au upande mmoja haulingani na wa pili. Watu hao wapo, lakini ni wachache kuliko wanaoambiwa kuwa wanafaa. Mwenye kigongo juu ya pua, ncha ikishushwa, kigongo chake huonekana kikubwa zaidi. Mwenye mgongo wa pua uliobonyea, ncha ikiinuliwa sana, pua huonekana fupi na tundu zake hutazama mbele. Naye anayelalamikia upana wa pua mara nyingi halalamikii ncha hata kidogo. Shida yake iko kwenye kingo za tundu, na huo ni upasuaji mwingine.

Ngozi nene

Kwa wasomaji wenye asili ya Kiafrika kuna jambo la ziada, ambalo matangazo hayapendi kulitaja. Ngozi ya ncha ya pua zao mara nyingi ni nene, na gegedu zilizo chini yake ni laini. Ngozi nene haisinyai kwa urahisi kufuata umbo jipya. Daktari akikata gegedu tu, kwa mtindo uliozoeleka kwa pua za Kizungu, ncha hupoteza nguzo na huenda ikaonekana butu kuliko mwanzo. Wataalamu wengi leo hupendelea kujenga badala ya kupunguza: huchukua kipande cha gegedu kutoka ukuta wa pua, sikio au ubavu, wakakipandikiza kama mhimili. Hapo neno "mdogo" linakuwa limeshaondoka chumbani.

Suala la pua ipi ihesabiwe kuwa na kasoro halikuanza leo. Mwaka 1887 daktari John Orlando Roe wa Rochester, Marekani, alichapisha maelezo ya upasuaji wa kusahihisha pua fupi yenye ncha iliyobetuka. Ulikuwa, kwa hakika, upasuaji wa ncha peke yake. Pua ya aina hiyo ndiyo iliyochorwa katika vibonzo vya kuwakebehi wahamiaji kutoka Ireland. Mwaka 1898, mjini Berlin, Jacques Joseph aliwaeleza madaktari wenzake jinsi alivyoipunguza pua kubwa ya mgonjwa aliyekuwa akiona haya kuonekana hadharani. Joseph mwenyewe alikuwa Myahudi, katika jiji ambako pua ilikuwa miongoni mwa alama za kuwabagua Wayahudi. Kisu, tangu mwanzo, kimekuwa kikifuata dharau iliyoko mitaani. Anayeambiwa leo kwamba pua ya babu yake inahitaji "kusafishwa" ana haki ya kuuliza kipimo hicho kimetoka wapi.

Kipimo kingine kisichoaminika ni simu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018, ulioongozwa na Boris Paskhover, ulionyesha kwamba picha mtu anayojipiga kutoka umbali wa sentimita 30 hivi huifanya pua ionekane pana kwa takriban asilimia 30 kuliko ikipigwa kutoka mita 1 na nusu. Kuna watu wanaopeleka kwa daktari pua ambayo haipo isipokuwa kwenye kioo cha simu.

Lipo pia kundi ambalo hakuna kisu kitakachoiridhisha nafsi yake. Mwaka 2011 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, waliripoti kwamba asilimia 33 ya waliotaka upasuaji wa pua walikuwa na dalili za wastani hadi kali za maradhi ya akili yanayomfanya mtu asumbuliwe mno na kasoro ndogo, au isiyokuwepo, ya mwili wake. Kwao, daktari mwaminifu ni yule anayekataa.

Sheria na mipaka

Uaminifu huo hautegemewi sawasawa kila nchi. Nchini Uingereza, mwongozo wa Baraza Kuu la Madaktari, GMC, ulioanza kutumika mwaka 2016, unamtaka daktari atakayefanya kazi azungumze mwenyewe na mgonjwa na kumpa muda wa kutafakari. Nchini Kenya, mwishoni mwa mwaka 2024, mamlaka zilifunga kliniki moja ya urembo jijini Nairobi kufuatia kifo cha mgonjwa. Hakuwa amekwenda kwa ajili ya pua, lakini maswali yaliyoulizwa ni yale yale: nani alishika kisu, na kwa leseni gani?

Wanaokwepa kisu kwa kudungwa sindano za kujaza pua nao hawako salama. Dawa hiyo ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuua ngozi, na imewahi kupofusha watu.

Kwa anayesafiri kwenda kutibiwa nchi ya mbali, ugumu ni wa kalenda. Uvimbe wa ncha huchukua mwaka mmoja kuisha, na kwa ngozi nene huweza kuzidi hapo. Tiketi ya kurudi huwa ni ya wiki moja au mbili. Matokeo yakija kuonekana mabaya, aliyeyasababisha yuko bara jingine, na daktari wa nyumbani anayeombwa kurekebisha hukuta kovu chini ya ngozi na gegedu ya ukuta wa pua imeshatumika. Itambidi akate sikio au ubavu, kwa gharama ambayo mara nyingi huzidi ile ya kwanza.