Shule ya Kanisa Si ya Kunyooshea Watoto

Kila Januari, kidato cha kwanza wanaporipoti, utayasikia maneno yale yale kwenye foleni ya kulipia ada benki na hata kwenye kikao cha wazee wa usharika: "Huyu tumempeleka shule ya kanisa, atanyooka." Mtoto alikuwa anachezea simu hadi usiku wa manane, au ameanza kujibizana na baba yake, au hana kosa lolote ila ametimiza miaka kumi na minne. Dawa yao wote ni bweni la Kilutheri: kengele alfajiri, sala asubuhi, sala jioni, fimbo katikati. Baada ya miaka minne tunategemea kukabidhiwa Mkristo.

Huo ni upotofu, na umetuharibia shule nzuri. Ubaya ni kwamba wakuu wa shule wenyewe wameupokea, wanautangaza kwenye vipeperushi kama sifa.

Tazama fomu ya kujiunga. Pamoja na shuka mbili, ndoo, Biblia na kitabu cha Mwimbieni Bwana, mwanafunzi anaagizwa aje na jembe au fyekeo. Hapo sina ugomvi. Mwalimu Nyerere alishalieleza jambo hilo katika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Lakini hebu lifuatilie jembe lenyewe likishafika shuleni. Aliyechelewa ibada ya asubuhi anang'oa kisiki. Aliyekutwa anaongea Kiswahili bwaloni anafyeka nyuma ya jiko. Aliyesinzia wakati wa neno anadeki vyoo, na maji anayachota mwenyewe. Kiranja, mwanafunzi mwenye tabia njema kuliko wote, amesimama pembeni na daftari la majina, mikono mikavu. Jumapili inafika, mchungaji wa shule anahubiri Yohana 13, Bwana akiwaosha wanafunzi wake miguu. Watoto wanaitikia amina huku wakijua fika kwamba hapo shuleni kwao anayeosha ni mkosaji.

Mlutheri angepaswa kushtuka kabla ya mtu mwingine yeyote. Kiini cha ugomvi wa Martin Luther na wakubwa wa kanisa la wakati wake kilikuwa hicho hicho: mtu hatendi mema ili ajipatie alama mbele za Mungu. Amekwisha kupokelewa bure, kwa neema, kwa hiyo matendo yake ayapeleke kwa jirani, ambaye ndiye mwenye shida nayo. Mwaka 1520 aliandika kwamba kazi ya mkulima shambani na ya mwanamke nyumbani kwake, ikifanywa kwa imani, haizidiwi thamani na kazi takatifu za watawa. Sasa shule iliyobeba jina lake inaufanya ufagio kuwa kifungo, halafu inashangaa wahitimu wake wakiingia ofisini hawataki hata kuokota karatasi iliyoanguka.

Na ibada nayo imegeuzwa paredi. Inaitwa kwa majina, ina mwalimu wa zamu mlangoni, na asiyekuja anachapwa. (Kanuni za serikali za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, tena vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemkasimu kwa maandishi. Waulize watoto kama wameshawahi kuyaona maandishi hayo.) Kijana anachojifunza hapo ni kufumba jicho moja na kumlinda mwalimu kwa jingine. Akimaliza kidato cha nne na mlango ukabaki bila mtu, hakanyagi tena, na wazazi wanalaumu chuo kikuu.

Wazazi, hasa, ndio ninaowalenga. Katekisimu Ndogo ilitoka mwaka 1529, baada ya Luther kuzungukia sharika za Saksonia na kukuta watu hawajui hata misingi ya imani. Sehemu zake kuu zimewekewa maelekezo kwamba hivi ndivyo mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Hayakusema patroni wa bweni. Luther alizitaka shule, na mwaka 1524 aliwasihi madiwani wa miji ya Ujerumani wazifungue, za wavulana na za wasichana. Alitaka watu wa kusoma Maandiko, wa kuongoza mji, wa kutunza nyumba. Kumrekebishia mtu mtoto aliyemshinda nyumbani hakumo. Mzazi wa leo alikariri katekisimu wakati wa kipaimara, akaifunga, na sasa analipa ada ili mwingine aifungue kwa niaba yake.

Nitaambiwa niangalie matokeo. Nimeyaangalia. Shule inayowafanyia watoto usaili, ikawachuja, kisha anayeshindwa kufikia wastani wake akatafutiwa namna ya kuondoka, itakosaje divisheni wani? Baraza la Mitihani liliacha kutangaza kumi bora Januari 2023. Mabango ya barabarani hayajashushwa.

Yapo mambo ya kujivunia, na yanapatikana mbali na mabango hayo. Mwaka 1995 pale Monduli ilifunguliwa Sekondari ya Wasichana ya Maasae, shule ya Kilutheri, kwa ajili ya mabinti wa wafugaji ambao wengi wao mbele yao ilikuwa ndoa ya mapema na si darasa. Hapo kanisa halikusubiri mtoto mwenye alama nzuri na baba mwenye hela. Lilimfuata aliyeachwa. Shule nzima, kwa kuwepo kwake tu, ni huduma, na binti anayesoma pale hahitaji kuchapwa ili aelewe maana ya kupokelewa. Dayosisi ngapi zinaweza kusema hivyo juu ya shule zao mpya zenye vigae?

Kwa wakuu wa shule nina ombi dogo. Muhula huu ondoeni vyoo na bustani kwenye orodha ya adhabu, mpange zamu ya wote, mkianza na viranja na walimu. Na lile daftari la ibada mlifungie kabatini. Najua mtaniambia watoto hawatakuja. Basi wasije, walau mchungaji atajua kwa hakika ni wangapi amekuwa akiwahubiria.