Fermioni Nzito na Wepesi wa Istilahi Zetu

Dai kwamba Kiswahili hakimudu sayansi ya juu limezoeleka mno. Makala haya yanashikilia kwamba lugha haina upungufu huo. Kasoro imo katika desturi yetu ya kuunda istilahi kwa kutazama neno la Kiingereza badala ya kuitazama dhana yenyewe.

Tuchukue mfano wa fermioni nzito. Katika baadhi ya metali zenye seriamu au urani, elektroni huenenda kwenye halijoto ya chini kana kwamba tungamo lake limeongezeka mara mamia. Mwaka 2008 kundi la Hideo Hosono nchini Japani lilitangaza msombo wenye chuma na aseniki upitishao umeme bila ukinzani chini ya kelvini 26. Baadaye ilibainika kwamba katika jamii hiyo ya misombo, ile yenye potasiamu, rubidi na sesi ina elektroni nzito pia, na uzito huzidi kwa mpangilio huo huo.

Je, elektroni imenenepa? Hasha! Apenyaye katikati ya umati siku ya soko mjini Homa Bay huenda polepole, ilhali mwili wake haujaongezeka hata ratili moja. Kila hatua yake inategemea hatua za wenzake. Ndivyo elektroni zinavyozuiana.

Kwa hiyo, neno "nzito" likiachwa bila fasili humpotosha mwanafunzi. Libaki, lakini lifafanuliwe kwa "tungamo tendaji". Kadhalika, "kipitishi kikuu" hutafsiri kiambishi tu. "Kipitishi kisokinza" hueleza kinachotendeka.

Wapo watakaouliza: haya yanamhusu nini kijana wa Homa Bay? Mlima Homa ni volkano ya kale ya kabonatiti, aina ya miamba ijulikanayo kwa kubeba seriamu na jamaa zake. Kijana huyo huzungumza Dholuo nyumbani na Kiswahili sokoni, lakini fizikia huipata kwa Kiingereza pekee. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi, haikukifikisha maabara.

TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, kabla ya tangazo la kundi la Hosono. Kazi iliyosalia ni yetu. Vyama vya Kiswahili vya Rongo, Maseno na Tom Mboya viketi na wanafizikia wao, kwani kidole kimoja hakivunji chawa.