Barua ya wazi: Madaftari ya walinzi wa balizi yako wapi?

Mapendo, Goma

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya usafiri wa majini,

Hasira sitaificha. Ofisi moja ya serikali imenijibu kwamba madaftari ya walinzi wa balizi za Mto Kongo, yaani maboya na vibao vya kuonyesha njia ya boti, niliyoyaomba ili nimalize kitabu changu, yalitupwa kwa kukosa nafasi. Kazi yangu ya miaka miwili imekwenda na maji. Hasara hiyo ni yangu. Ya nchi ni kubwa zaidi.

Baharini, mlinzi wa mnara wa taa akifa, mnara hubaki umesimama. Mtoni kwetu mnara hausaidii kitu, kwa sababu katika kilomita 1,734 za Kinshasa hadi Kisangani mchanga unahama: palipo na kina leo, mwakani boti inakwama. Kazi ya mnara wameifanya watu. Wapimaji husimama mbele ya boti, wanachovya fimbo zenye mistari ya rangi na kumwonyesha nahodha kina cha maji kwa mkono. Walinzi nao huhamisha maboya na kupigilia vibao kwenye miti ya ukingoni. Waliyoyaona yalibaki daftarini tu. Daftari likitupwa, hakuna gofu litakalomwambia mjukuu kwamba babu yake alifanya kazi hapo.

Utanijibu kwamba siku hizi kuna setelaiti. Setelaiti haioni gogo lililolala chini ya maji ya tope, wala haijui mchanga ulitembeaje kabla yake. Mwingine atasema kwamba boti Merdi, iliyozama Ziwa Kivu karibu na bandari ya Kituku hapa Goma tarehe 3 Oktoba 2024, haikuzama kwa kukosa madaftari. Kweli: ilizama mchana, imejaa kupita kiasi, na vita vilikuwa vimeifunga barabara ya Minova, watu wakalazimika kupita ziwani. Lakini hesabu za waliokufa hazikulingana, kwa sababu hapakuwa na orodha ya abiria ya kuaminika. Ni ugonjwa ule ule, Mheshimiwa: kukosa daftari. Familia zilihesabu watu wao zenyewe.

Naomba madaftari yaliyosalia Mbandaka, Bumba na Kisangani yakusanywe, na wazee waliostaafu wahojiwe kwa Kilingala na Kiswahili, majina yao yaandikwe, malipo yao ya uzeeni yalipwe. Na nijibiwe kwa maandishi: nani alitia sahihi yatupwe?