Mtoto Aliyenyamaza



Usiku mmoja wa masika tuliisindikiza hospitali familia moja ya hapa Shumba, iliyokuwa na mtoto wa miaka minne mwenye homa kali. Baba yake alitujia baada ya Isha akitaka gari, maana katibu wa kamati ya msikiti huamshwa kwa mengi yasiyokuwa ya msikiti. Tulifika kitengo cha dharura, tukakaa kwenye benchi, mtoto akipiga kelele. Punde akaingia mama na kichanga ndani ya kanga, kimya kabisa. Muuguzi alikitazama mara moja, akakichukua na kuingia nacho ndani.

Bibi wa mtoto wetu akainuka. "Sisi tumetangulia!" Na sisi, tukisema kweli, tuliona tumedharauliwa. Muuguzi aliporudi akamwambia kwa upole, "Bibi, mjukuu wako analia kwa nguvu, na hilo ni jema. Yule hana nguvu ya kulia."

Huko hakuna zamu ya aliyetangulia. Anayeanza ni yule ambaye akisubiri atapotea. Kabla ya kuuliza ugonjwa gani, mhudumu hutazama kama mtoto anapumua, kama mikono yake ni ya baridi, kama ana fahamu, kama ana degedege, kama kuhara kumemkausha maji. Utaratibu huu umeenezwa na Shirika la Afya Duniani. Katika hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, kabla ya huduma ya dharura ya watoto kupangwa upya mwaka 2001, walikuwa wakifariki kati ya watoto 10 na 18 katika kila 100 waliolazwa. Baada ya hapo walikuwa kati ya 6 na 8.

Mzazi naye aweza kutazama akiwa nyumbani. Mtoto akitulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Aliye chini ya miezi miwili akifika 60, wa miezi miwili hadi kumi na moja akifika 50, wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, basi anapumua haraka mno. Ikiwa kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu, au amelegea haamki, usingoje asubuhi.

Tulipoitwa ndani, daktari aliuliza mtoto amepewa nini. Bibi akajibu, "Panadol tu." Tulipokuwa njiani kurudi ndipo tulipojua kwamba tangu asubuhi alikuwa amenyweshwa mitishamba mara tatu, pamoja na nusu kidonge kilichobaki kwa kaka yake. Watu huficha kwa kuogopa kukaripiwa mbele za watu, na wahudumu wenye ulimi mkali wana fungu lao katika uficho huo. Lakini baadhi ya mitishamba hushusha sukari ya damu, na Panadol ikizidi huumiza ini. Daktari asiyeambiwa atatafuta sababu pasipokuwapo.

Wazee wetu walizoea kuita kila homa malaria, na zamani hawakuwa mbali na ukweli. Tangu Zanzibar ilipoanza kutumia dawa mseto mwaka 2003, kisha vyandarua vyenye dawa kuanzia 2006, malaria imepungua sana. Homa ya leo yaweza kuwa ya mapafu, ya mkojo, au ya uti wa mgongo, na hizo hazijulikani kwa kugusa paji la uso. Ndiyo maana hutoboa kidole wapime malaria na sukari, na pengine huchukua maji ya uti wa mgongo, jambo linalowatisha wengi hata wakamtorosha mtoto.

Degedege nalo tulisemee wazi. Mtoto anapotetemeka asitiwe kitu mdomoni, hata maji ya kombe, kwani yaweza kuingia mapafuni. Mlaze ubavu, mpeleke. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kutafuta tiba, na dua husomeka garini.

Mtoto wetu alikutwa na homa ya mapafu, akalazwa, akapona, alhamdulillahi. Habari za kile kichanga hatukuzipata. Wiki iliyofuata kamati ilibandika mlangoni pa msikiti nambari za simu za madereva wawili waliokubali kuamshwa saa yoyote ya usiku. Nauli ikikosekana, mfuko wa msikiti utalipa.