Wagombea wasimamishwe pamoja tuwaulize

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno juu ya namna tunavyowapima watu wanaotaka ubunge, hasa sisi wa visiwani Ukerewe.

Kila uchaguzi unapokaribia, mgombea huletwa kwetu na sifa zake: kazaliwa kijiji fulani, kasoma shule fulani, kashika kazi fulani. Wananchi hupiga makofi. Halafu zinafuata ahadi, na makofi tena. Mgombea huyo hupanda gari akaenda zake, na kesho huja mwingine na sifa zake na ahadi zake. Wasaa wa kuuliza maswali ni mdogo, na wasaa wa kuwasikia wote wakijibu swali moja haupo kabisa. Hapo ndipo penye kasoro.

Katiba yetu, ibara ya 67, haidai mengi. Mgombea awe raia mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Mengine karibu yote ameachiwa mpiga kura ayapime mwenyewe.

Sisemi kwamba historia ya mtu ni ya kudharauliwa. Ndugu Gertrude Mongella ni mzaliwa wa Ukerewe. Alikuwa mwalimu, akawa waziri miaka ya 1980, kisha akaiwakilisha nchi yetu India. Mwaka 1995 alikuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Wanawake wa Dunia uliofanyika Beijing. Ukerewe ilimpa ubunge mwaka 2000, na mwaka 2004 akachaguliwa kuwa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Ni wagombea wachache sana, popote nchini, wenye historia kama hiyo. Hata hivyo, mwaka 2010 kiti kilikwenda kwa Ndugu Salvatory Machemli wa CHADEMA. Mwaka 2015 kikaenda kwa Ndugu Joseph Mkundi wa chama hicho hicho, ambaye mwaka 2018 alihamia CCM. Sina nia ya kusema nani alikuwa bora. Ninalotaka kuonyesha ni kwamba mpiga kura wa hapa hafungwi na jina kubwa wala na rangi ya bendera. Anatafuta mtu atakayemsemea juu ya maji yanayomzunguka.

Na maji hayo yametugharimu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba abiria 101, kilipinduka karibu na gati la Bwisya, Ukara, kikitokea Bugolora siku ya gulio. Walikufa watu zaidi ya 220. Miaka 22 kabla ya hapo, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikapoteza mamia ya watu, nayo ilikuwa imejaza kupita kiasi. Kati ya misiba hiyo miwili tulifanya uchaguzi mkuu mara nne: 2000, 2005, 2010 na 2015. Swali la nani anahesabu abiria siku ya gulio, na nani anawajibika asipowahesabu, ndilo lililostahili kuwa la kwanza katika kila mkutano wa kampeni.

Wazee wetu watakumbuka utaratibu ulioanza mwaka 1965 chini ya chama kimoja. Wagombea wawili, mmoja Jembe na mwingine Nyumba, walisimama katika mkutano mmoja ulioandaliwa na Chama. Kila mmoja alisema kwa zamu, kisha wananchi wakauliza. Kutafuta kura kwa kabila, dini au rangi kulikatazwa. Wakubwa hawakusalimika: mwaka huo huo Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha na aliyejenga jina kwa kuongoza ushirika wa wakulima wa pamba Kanda ya Ziwa, aliangushwa hapa hapa Mwanza.

Lakini utaratibu ule ulikuwa na upungufu wake. Siasa ilikuwa ya Chama, kwa hiyo wagombea hawakuweza kutofautiana juu ya mambo makubwa. Wananchi walibaki kupima tabia ya mtu na ukaribu wake nao. Tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992, mambo yamegeuka. Sasa wagombea wanaweza kutofautiana katika sera, ila kila mmoja anahutubia peke yake, mbele ya watu waliovaa fulana zake. Tulipata uhuru wa kutofautiana, tukapoteza mkutano wa pamoja.

Ninapendekeza tuvichukue vyote viwili. Wagombea wote wa ubunge, wawe wawili au kumi, wasimamishwe pamoja Nansio, kisha Ukara na Irugwa, chini ya mwenyekiti wanayemkubali wote. Waulizwe maswali yale yale. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa mwaka 2025. Je, kati ya Rugezi na Kisorya unadai daraja au kivuko cha pili, na kwa sababu gani? Bungeni utauliza nini juu ya ukaguzi wa vivuko? Mgonjwa wa Irugwa akizidiwa usiku afikeje hospitali? Majibu yaandikwe, na baada ya miaka mitano yasomwe hadharani.

Wapo watakaosema mikutano hiyo italeta fujo. Mbona ile ya Jembe na Nyumba watu walisikilizana? Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mgombea mwenye hoja hataogopa kukaa benchi moja na mwenzake. Atakayekataa kuja, wananchi watakuwa wamekwisha kupata jibu lake.

Mpiga Kura,
Nansio, Ukerewe.